Spoila ya Nyuma Inapogoma: Kuitambua Kasoro Kabla ya Kulipia Matengenezo

Katika miji ya Mbeya na Iringa magari ya michezo si mengi. Barabara zetu hutawaliwa na malori yaendayo Tunduma, mabasi ya abiria, pikipiki na magari madogo ya familia. Hata hivyo, biashara ya magari yaliyotumika kutoka ng'ambo imewawezesha watu wa kipato cha kati kununua magari ambayo zamani waliyaona pichani tu. Baadhi ya magari hayo yana spoila ya nyuma inayojificha: bawa dogo ambalo hulala juu ya buti gari likiwa limesimama, kisha huinuka lenyewe mwendo unapoongezeka.

Spoila hiyo inapogoma, mlaji wa Nyanda za Juu Kusini hukutwa na ugumu wa aina mbili. Kwanza, fundi aliyezoea gari la namna hiyo huenda hayupo jirani, na spea hulazimika kuagizwa Dar es Salaam au nje ya nchi. Pili, kwa kuwa mlaji hajui mtambo huo unavyofanya kazi, hulazimika kuamini chochote anachoambiwa. Mara nyingi huambiwa neno moja: badilisha yote. Analipa fedha nyingi, anangoja wiki kadhaa, na pengine kasoro inabaki palepale kwa sababu haikuwa katika kifaa kilichobadilishwa.

Tumeandaa somo hili ili mlaji aweze kufanya mambo manne: kuelewa kazi ya spoila na hatari ya kuipuuza, kuifuata kasoro hatua kwa hatua kabla ya kununua kitu, kuzungumza na fundi kwa lugha ya vipimo badala ya kubahatisha, na kutambua haki zake dhidi ya muuzaji wa gari, muuzaji wa spea na mwenye gereji. Hata asiye na gari la michezo atanufaika, kwa kuwa njia tunayoieleza hapa ndiyo hiyo hiyo ya kuchunguza kioo cha umeme, kioo cha pembeni kinachojikunja, au kitasa cha umeme kinachogoma.

SEHEMU YA KWANZA: SPOILA SI PAMBO

Wengi huichukulia spoila kuwa urembo. Dhana hiyo ina sababu: magari mengi madogo katika mitaa yetu yana spoila zilizofungwa kwa ajili ya sura tu. Ile inayojiinua ina kazi. Gari lenye mgongo wa mteremko linapokwenda kasi, hewa inayopita juu yake huelekea kuinyanyua sehemu ya nyuma, na magurudumu hupungukiwa na uzito wa kuyashikiza barabarani. Nguvu hiyo ya hewa haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Ndiyo maana gari linalotulia kwenye kilometa 60 kwa saa linaweza kuyumba kwenye kilometa 120. Spoila huuvuruga mkondo huo wa hewa na kupunguza kunyanyuka.

Historia inalo funzo katika jambo hili. Gari la Audi TT lilipoanza kuuzwa mwaka 1998 halikuwa na spoila ya nyuma. Zikatokea ajali za mwendo mkali katika barabara kuu za Ujerumani, baadhi zikiwa na vifo. Kampuni ikayaita magari yaliyokwisha kuuzwa ili yafanyiwe marekebisho, yakiwemo kubadilishwa kwa sehemu za sasipenshoni na kufungwa spoila ya nyuma. Na magari yaliyotengenezwa baadaye yakatoka kiwandani yakiwa na marekebisho hayo. Kizazi cha pili cha gari hilo, kilichotoka mwaka 2006, kilipewa spoila inayojiinua mwendo unapofika takribani kilometa 120 kwa saa na kujiteremsha mwendo ukishuka chini ya 80. Kabla ya hapo, Porsche 911 iliyotoka mwaka 1989 ilikuwa na spoila inayojiinua kwenye kilometa 80 hivi.

Mlaji na azingatie mambo mawili katika takwimu hizo. La kwanza, kila gari lina mwendo wake, na kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. La pili, mtu anayeendesha ndani ya mji, ambamo sheria inaruhusu kilometa 50 tu kwa saa, au anayeupanda mlima Kitonga nyuma ya foleni ya malori, anaweza kukaa miezi mingi bila spoila kuinuka yenyewe hata mara moja. Kasoro hukua kimya, kisha hujitokeza siku ya safari ndefu. Kwa hiyo tunashauri spoila iinuliwe na kuteremshwa kwa kitufe walau mara moja kwa mwezi, gari likiwa limesimama.

SEHEMU YA PILI: MTAMBO UNAVYOFANYA KAZI

Mtambo huu una viungo sita, na kila kiungo humtegemea jirani yake. Kuna kitufe karibu na dereva. Kuna sensa za magurudumu zinazotoa habari za mwendo. Kuna kompyuta ndogo inayopokea habari hizo na kutoa amri. Kuna mota ya umeme iliyofichwa chini ya bati la buti. Kuna gia, mikono au kebo zinazohamisha nguvu ya mota kwenda pande mbili za spoila. Na kuna swichi za kikomo, au sensa, zinazoiarifu kompyuta kwamba spoila imefika juu au imefika chini.

Habari zisipolingana, yaani kompyuta imetoa amri ya kuinua lakini haikupata jibu kwamba spoila imefika juu, taa ya onyo huwaka kwenye dashibodi. Taa hiyo haisemi mota imekufa. Inasema tu kwamba jibu lililotarajiwa halikufika. Huenda mota imekufa. Huenda pia waya umekatika, betri imechoka, kijiti kimekwama kwenye bawaba, au swichi ya kikomo imeingia maji. Mlaji akilielewa jambo hili moja, amekwisha kujikinga na nusu ya hasara.

SEHEMU YA TATU: TAHADHARI

Spoila ni ndogo, lakini mota yake ina nguvu ya kutosha kuvunja kidole. Kabla ya uchunguzi, egesha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, na uwaondoe watoto. Anayebonyeza kitufe asibonyeze mpaka aliye nyuma ya gari aseme kwa sauti kwamba mikono yake iko mbali. Usiweke zana, kitambaa wala kidole katika mwanya wa spoila wakati swichi ya gari imewashwa. Usiisukume spoila kwa mikono ili ishuke. Gia za mtambo wa aina hii nyingi hazikubali kurudishwa nyuma, na meno yake yakikatika kasoro ndogo hugeuka kubwa. Kazi ya kufungua bati la buti, kupima umeme na kugusa waya tunamwachia fundi umeme wa magari. Mlaji asimame karibu na kuona vipimo kwa macho yake.

SEHEMU YA NNE: HATUA ZA UCHUNGUZI

Utaratibu wetu huanza na lisilogharimu kitu na kuishia kwenye lenye gharama kubwa. Hatua zisirukwe.

Hatua ya kwanza: hakikisha kasoro ipo. Soma kitabu cha gari. Magari yaliyotoka Japani mara nyingi huja na kitabu cha Kijapani. Tafuta toleo la lugha unayoielewa kwa kutumia jina la gari, mwaka na namba ya chasisi. Baadhi ya magari huinua spoila kwa kubonyeza kitufe mara moja, lakini kuiteremsha hutaka kitufe kishikiliwe mpaka spoila imalize kushuka. Mengine hukataa amri ya kitufe kama gari liko katika mwendo. Wapo walaji waliolipia matengenezo ya kitu kizima.

Hatua ya pili: tazama na usafishe. Kiangazi, vumbi jekundu la barabara za vijijini huingia katika mwanya wa spoila, likachanganyika na grisi kuukuu na kuwa kama msasa. Kuanzia Novemba hadi Aprili huingia tope na majani, na vijitundu vya kutolea maji huziba. Maji yakituama humo, chuma hushika kutu na soketi za umeme huota ukungu wa kijani. Inua spoila ikiwa bado inainuka, zima gari, kisha safisha kwa brashi laini, maji kidogo na kitambaa. Usielekeze mashine ya kuoshea magari ndani ya mwanya huo, kwa sababu maji ya shinikizo hupenya mpaka kwenye mota.

Hatua ya tatu: sikiliza. Mahali penye utulivu, mtu mmoja abonyeze kitufe na mwingine atege sikio karibu na buti. Sauti itakuongoza hivi:

Kimya kabisa. Shuku umeme: betri, fyuzi, waya, kitufe, kompyuta, au mota iliyokufa.

Mota inanguruma lakini spoila haiendi. Shuku mitambo: gia iliyoliwa, kebo iliyochomoka, au bawaba iliyoganda kwa kutu.

Upande mmoja unainuka na mwingine unabaki. Shuku kebo au mkono wa upande uliobaki. Acha kubonyeza mara moja, maana bati linaweza kupinda.

Spoila inapanda, inasita, kisha inarudi. Shuku kizuizi au ukinzani uliozidi, au swichi ya kikomo inayotoa habari zisizo sahihi.

Spoila inapanda na kushuka vizuri lakini taa ya onyo inawaka. Shuku swichi ya kikomo au waya wake.

Inafanya kazi siku nyingine na siku nyingine haifanyi. Shuku waya uliovunjika nusu, soketi iliyolegea, au betri dhaifu, hasa asubuhi za baridi za Juni na Julai ambazo wakazi wa Mbeya na Iringa wanazijua vizuri.

Hatua ya nne: betri na fyuzi. Betri yenye afya, gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, husoma takribani volti 12.4 hadi 12.7. Ikiwa chini ya 12, usihukumu kifaa kingine chochote kabla ya kuichaji au kuibadilisha. Kisha tafuta fyuzi ya spoila kwa kufuata mchoro wa gari. Fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine yenye namba ileile ya ampea. Kuweka fyuzi kubwa zaidi, waya wa shaba au karatasi ya sigara ni kuondoa mlinzi mlangoni: umeme utakaozidi utaunguza waya, na moto wa gari huanza namna hiyo. Fyuzi mpya ikiungua tena papo hapo, kuna waya unaogusana na bodi, au mota imeganda. Acha kubadilisha fyuzi na utafute chanzo.

Hatua ya tano: waya za bawaba ya buti. Katika magari ambayo spoila imefungwa juu ya kifuniko cha buti, waya zake hupita kwenye bawaba ndani ya bomba la mpira. Kila buti linapofunguliwa na kufungwa, waya hupinda. Baada ya miaka kumi au kumi na mitano ya kupinda mahali pamoja, baadhi hukatika ndani ya ganda bila kuonekana kwa nje. Fundi auvute nyuma mpira huo na kukagua waya mmoja mmoja. Dalili nyingine ni taa ya namba ya gari, kamera au kitasa cha buti kuanza kusumbua pamoja na spoila.

Hatua ya sita: pima umeme kwenye soketi ya mota. Hiki ndicho kipimo kinachoamua shauri. Fundi aweke mita ya umeme kwenye soketi ikiwa imechomekwa, kisha kitufe kibonyezwe. Volti 12 hivi zikionekana na mota haizunguki wala hainguruki, mota ina hatia. Volti zisipoonekana, mota haijahukumiwa bado; kasoro iko nyuma yake, kwenye waya, kitufe au kompyuta. Mlaji asikubali kununua mota kabla ya kuona kipimo hiki.

Hatua ya saba: kagua mitambo. Baada ya mota kutenganishwa na mikono ya spoila, fundi aisogeze spoila taratibu. Ikienda kwa wepesi pande zote mbili, bawaba ni nzima. Ikiwa ngumu, bawaba zisafishwe kutu na kupakwa grisi inayofaa kabla ya mota kulaumiwa. Mota mpya ikifungwa kwenye bawaba zilizoganda, nayo itaungua kama ile ya kwanza.

Hatua ya nane: soma kompyuta ya gari. Mashine ya kusoma hitilafu ni msaada mkubwa, lakini namba inayoitoa hutaja eneo la kasoro. Haitaji kifaa cha kununua. Baada ya matengenezo, hitilafu zifutwe na spoila ipandishwe na kushushwa mara kadhaa. Baadhi ya magari hudai mtambo ufundishwe upya vikomo vyake kwa mashine hiyo.

Tunaongeza onyo moja. Usiende kuijaribu spoila kwa kukimbiza gari mpaka kilometa 120 katika barabara kuu ya Iringa na Mbeya. Barabara hiyo inapita vijijini, ina waenda kwa miguu, baiskeli na malori yanayopitana. Kitufe na mashine ya kusoma hitilafu, ambayo pia huonesha kama habari za mwendo zinaifikia kompyuta, zinatosha.

SEHEMU YA TANO: MFANO

Tuchukue mfano tuliouandaa kwa ajili ya somo hili. Mlaji mmoja wa Iringa ana gari la michezo lililotengenezwa mwaka 2008. Jioni moja, baada ya kupakia mizigo kwenye buti na kulifunga, anaona taa ya onyo ya spoila. Anakwenda gereji. Fundi analitazama gari kwa dakika mbili, anasoma namba ya hitilafu na kusema: mtambo mzima umekufa, toa fedha niagize.

Mlaji huyu hakubishana. Aliuliza maswali manne kwa upole. "Fundi, ukibonyeza kitufe unasikia mota?" Fundi akasikiliza, kimya. "Fyuzi tumeitazama?" Wakaitazama, nzima. "Betri inasoma ngapi?" Ilisoma 12.5. "Na kwenye soketi ya mota umeme unafika?" Hapo fundi alilazimika kufungua bati la ndani la buti. Kitufe kilipobonyezwa, mita ilisoma sifuri. Kwa hiyo hakukuwa na ushahidi wowote dhidi ya mota. Fundi alipoutikisa mpira wa bawaba, mita ikaruka mpaka 12, spoila ikashtuka, kisha mita ikarudi sifuri. Waya mmoja ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake.

Ukarabati ulihitaji kipande cha waya laini wenye unene uleule, risasi ya kuunganishia, na ganda la kuzuia maji. Fundi aliviweka viungo vyote viwili mbali na mahali waya unapopindia, kwa sababu kiungo kilicho kwenye kona ya bawaba hukatika tena baada ya muda mfupi. Kusokota waya na kuufunga kwa utepe kusingedumu.

Tuliangalie jambo hili kwa haki. Fundi hakuwa mwizi. Alibahatisha, kwa kuwa hakuna aliyemdai kipimo. Laiti mlaji angetoa fedha, mtambo mpya ungefika, ungefungwa kwenye waya uleule uliokatika, na usingesogea. Hapo ugomvi ungeanza, kila mmoja akiamini ameonewa. Maswali manne yaliokoa fedha za mlaji na heshima ya fundi.

SEHEMU YA SITA: SPOILA IKIGOMA SAFARINI

Ikiwa spoila imebaki chini na taa imewaka, punguza mwendo. Usifike mwendo ambao spoila ingetakiwa kuinuka, na uwe mwangalifu zaidi penye upepo wa ubavuni, mvua na kona za mteremko. Ikiwa imebaki juu, gari kwa kawaida linaweza kuendelea na safari. Hakikisha tu kwamba haizuii taa ya nyuma wala kulegea kiasi cha kuchomoka. Ikiwa imepinda au inacheza, simama mahali salama na uitafutie msaada. Katika baadhi ya magari yenye injini nyuma, spoila pia husaidia kupitisha hewa ya kupoza, hivyo mshale wa joto utazamwe mara kwa mara.

Usikubali suluhisho la kuing'oa taa ya onyo au kuikaza spoila kwa bolti ili isisumbue. Anayefanya hivyo humwachia hatari dereva atakayefuata, na akiliuza gari bila kusema, amemficha mnunuzi jambo la usalama.

SEHEMU YA SABA: KABLA YA KUNUNUA GARI

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji akabidhi bidhaa inayolingana na maelezo yake, na mfanyabiashara wa bidhaa hizo auze zenye ubora unaokubalika kibiashara. Lakini sheria hiyo ina sharti ambalo walaji wengi hawalijui: mnunuzi akiikagua bidhaa kabla ya kununua, hawezi kulalamika baadaye kuhusu kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionesha. Spoila inayogoma ni kasoro ya namna hiyo hasa. Kitufe kipo, na kukibonyeza ni kazi ya sekunde chache. Aliyezunguka gari, akalisifia rangi, akalipa bila kubonyeza kitufe, amejipunguzia mwenyewe nguvu ya dai lake.

Kwa hiyo, ukiwa mbele ya gari, washa swichi na uangalie kama taa ya spoila huwaka pamoja na nyingine kisha ikazimika. Ikiwa kitabu kinasema inapaswa kuwaka na haiwaki kabisa, uliza kwa nini. Inua na uteremshe spoila mara tatu. Linganisha mwanya wa kulia na wa kushoto. Fungua buti na utazame kama kuna maji, kutu au dalili za rangi mpya.

Anayeagiza gari moja kwa moja kutoka Japani adai karatasi ya mnada. Katika karatasi hizo herufi A kwa kawaida huonesha mkwaruzo, U kubonyea, W alama ya marekebisho ya bati, na daraja la R huashiria gari lililowahi kukarabatiwa baada ya ajali. Alama ya W nyuma ya gari lenye spoila inayojificha inataka maswali zaidi, kwa kuwa bati lililonyooshwa vibaya huibana spoila. Tena, cheti cha ukaguzi wa gari hakithibitishi kwamba kila kitufe kinafanya kazi.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji, ikiwemo kusema uongo kuhusu ubora wa bidhaa, historia yake au matumizi yake ya awali. Muuzaji aliyeandika kwamba kila kitu kinafanya kazi huku akijua spoila imekazwa kwa bolti ameingia katika katazo hilo. Neno "ameandika" lina uzito hapa. Ahadi ya mdomo ni ngumu kuthibitisha. Ujumbe wa simu, tangazo lililopigwa picha na mkataba uliosainiwa ni ushahidi.

SEHEMU YA NANE: MAKUBALIANO NA GEREJI NA MUUZA SPEA

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla gari halijaguswa, kubalianeni kwa maandishi kuhusu mambo haya: kasoro iliyoelezwa na mlaji, ada ya uchunguzi peke yake, bei ya spea na ya kazi, kila moja mbali, muda wa kumaliza, na dhamana ya kazi hiyo. Andikeni pia kwamba spea isinunuliwe kabla mlaji hajaoneshwa kipimo na kutoa idhini, na kwamba kifaa kilichotolewa atarudishiwa. Kifaa cha zamani ni ushahidi: kikijaribiwa kwenye betri na kuzunguka vizuri, inajulikana kwamba hakikuwa na kosa.

Ukinunua spea ya mtumba, linganisha namba iliyochapwa kwenye kifaa na ile ya kifaa chako. Mota mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kutofautiana soketi au mwelekeo. Omba mota ijaribiwe kwenye betri mbele yako kabla ya kulipa. Kwa kila malipo dai risiti ya EFD yenye tarehe na kiasi sahihi. Bila risiti, dai lako linabaki neno lako dhidi ya neno la muuzaji.

Mgogoro ukitokea, anza na mhusika mwenyewe. Mweleze kwa maandishi kasoro, tarehe na unachotaka: matengenezo, kifaa kingine au fedha. Mpe muda wa kutosha kujibu. Asipojibu, peleka nakala za mkataba, risiti, picha na vipimo kwenye mamlaka inayohusika. Udanganyifu katika biashara hushughulikiwa na Tume ya Ushindani. Spea isiyokidhi viwango, na Shirika la Viwango Tanzania. Njia ya mahakama ipo wazi kwa anayedai fidia.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mota inanguruma lakini spoila haisogei. Je, tubadilishe fyuzi? Hapana. Mota inayonguruma inapata umeme. Tafuta kasoro kwenye gia, kebo au bawaba.

2. Mita inasoma sifuri kwenye soketi ya mota kitufe kinapobonyezwa. Je, mota imekufa? Haijulikani. Tafuta kwanza umeme unapokatikia.

3. Fundi anasema kompyuta imetaja spoila, hivyo tununue spoila. Tumjibu nini? Tumwombe aoneshe kipimo kinachotenga waya, mota, mitambo na swichi za kikomo.

4. Muuzaji anasema, "Hicho kitufe achana nacho, ni urembo tu." Tufanye nini? Tukibonyeze. Kisicho na kasoro hakiogopi kujaribiwa.

Mlaji si lazima awe fundi. Anachohitaji ni kujua kiungo kipi hutangulia kipi, na kuwa na subira ya kudai kipimo kabla ya kutoa fedha. Kuuliza "umepima wapi, na umepata ngapi?" si kumdharau fundi, ni kumsaidia afanye kazi yake kwa uhakika.